Shaba Mahali pa Fyuzi

Jumatatu, 14 Julai

Nimeosha kamioneti ya Baba, pikapu anayobebea samaki, kama kila Jumatatu. Vumbi la njia ya Kilwa, kule ziwani, limeingia mpaka kwenye vitasa. Harufu ya samaki wakavu haitoki, nimeizoea.

Nikawasha mataa ya mbele nione kama vioo vimetakata. Hapo ikaja harufu nyingine. Plastiki inayoungua. Mataa yenyewe ya njano, hafifu. Nikazima. Swichi ilikuwa ya moto.

Baba mukubwa Déo alikuwa amekaa mlangoni na chai yake. Ni kaka mkubwa wa Baba, na yeye ndiye fundi wa gari hili. Mtu mwingine hafungui boneti. Akasema kwa sauti, jirani asikie: «Ni weye unamwangaka mayi mu moteur, kisha unasema motoka inanuka!» Wakacheka wote wawili.

Sikumwaga maji kwenye injini. Naosha kwa kitambaa. Nilikamua kitambaa mpaka vidole vikaniuma.

Jumanne, 15 Julai

Baba alienda sokoni. Nimefungua boneti. Kama mwizi.

Nyuma ya taa ya kulia waya umekauka, ngozi yake imepasuka. Plagi ya balbu ina rangi ya ugali, bukari yetu, ulioungua chini ya sufuria. Balbu si zile za zamani. Ni za wati mia. Baba mukubwa aliziweka mwezi uliopita ili Baba aone vizuri porini. Waya ni ule ule mwembamba wa balbu za wati hamsini na tano.

Halafu nikafungua sanduku la fyuzi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mahali pa fyuzi ya mataa pana uzi wa shaba, umekunjwa vizuri. Fyuzi zilikuwa zinakatika, Baba mukubwa akachoka kuzibadilisha. Katika mji huu shaba haikosekani nyumba yoyote, na kila fundi wa mtaa anafanya hivyo tena kwa kuringa. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ukiweka shaba hakuna kitakachokatika. Utaungua waya, kisha gari.

Jumamosi Baba anarudi Kilwa. Safari hii Mama anaenda naye. Sanduku la fyuzi liko mbele ya magoti yake.

Jumatano, 16 Julai

Nimepima kwa multimetre yangu ya shule, ile ya kupimia umeme. Betri: 12.5. Kwenye plagi ya taa, mataa yakiwaka: 9.7. Karibu volti tatu zinapotea njiani na kugeuka joto. Sikuwaza tu. Nimepima.

Nimemwambia Baba. Ilinichukua tangu chai ya asubuhi mpaka saa nane mchana kupata ujasiri. Aliangalia karatasi yangu muda mrefu. Akaniambia: «Baba mukubwa yako alisha kuangalia, mama. Tumuachie.»

Lakini Baba anajua. Nilimwona akigusa swichi, kisha akinusa vidole. Anajua, ila ni mdogo wa mtu. Babu alipokufa, Baba mukubwa ndiye aliyemlea. Basi gari liungue, mradi mkubwa asiudhike.

Leo nachukia heshima. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia padri.

Alhamisi, 17 Julai

Baba mukubwa amekuja kuandaa gari. Baba atakuwa alimwambia, maana alianzia langoni kuniita mhandisi kwa kejeli: «Kuya, Madame l'Ingénieur! Leta ile mashini yako ya kupima homa, motoka iko na malaria!»

Wakacheka. Hata Mama, kidogo. Hilo limeniuma kuliko yote.

Kisha akaongeza uzi wa pili wa shaba juu ya ule wa kwanza. Mbele ya macho yangu. «Sasa haitakatika, hata wakienda mara kumi.» Kweli. Haitakatika. Ndiyo shida yenyewe! Maneno yote nilikuwa nayo, kwa mpangilio, kama kwenye mtihani. Miaka minne ya kusoma seksheni ya umeme, na siwezi kusema sentensi moja mbele ya mzee mmoja.

Saa kumi jioni alipoondoka, nilitoa shaba yake. Nikaweka fyuzi ya ampea kumi na tano niliyobaki nayo kutoka karakana ya shule. Nikarudisha kifuniko. Sijamwambia mtu. Najisikia vizuri.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi, nikiwa nachekecha unga, nimeelewa. Mimi mjinga.

Balbu bado ni za wati mia. Mbili. Karibu ampea kumi na saba. Fyuzi yangu haitakatika papo hapo. Itakatika baada ya dakika chache. Yaani kesho kabla ya kupambazuka, barabarani, mataa yote mawili yatazimika kwa pamoja, kwenye kona, labda lori la mgodi linakuja mbele. Nimewaondolea moto nikawapa giza. Na sababu ni moja tu: niliogopa kufungua mdomo. Hasira yote ya wiki imenigeukia mimi.

Saa tisa Baba na Baba mukubwa walikuwa wanapakia magunia matupu. Nikaenda kusimama mbele yao. Nikasema nimetoa shaba. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Baba mukubwa alipiga kelele mpaka watu wakachungulia. Eti sina adabu. Shule imenitia kiburi. «Miye nilianza kutengeneza motoka mbele baba yako ajue kunyoa ndevu!» Baba aliangalia viatu vyake. Niliingia ndani ya gari, nikawasha mataa. «Baba mukubwa, tungoje.»

Tukangoja. Dakika ya sita mataa yakazimika.

«Munaona? Ameharibu!» akasema Baba mukubwa.

Nikamwambia ashike plagi nyuma ya taa. Mtoto hamwamuru baba mukubwa. Nilimwamuru. Alishika ili anionyeshe kwamba hakuna kitu. Akaachia haraka, akatia kidole mdomoni. Hakuna aliyecheka.

Baba akasema polepole: «Yaya, tufanye vile mutoto anasema.» Sijawahi kumsikia akimpinga huyu yaya, kaka yake mkubwa. Hakumwangalia usoni, lakini alisema.

Tumefanya kazi mpaka jua kuzama. Nimetumia relais ya honi, swichi ndogo inayowashwa na umeme, iliyokuwa kwenye vyuma vya zamani vya Baba mukubwa. Umeme sasa unatoka betrini moja kwa moja kwa waya mnene wenye fyuzi yake, na swichi ya mataa inatoa amri tu, haibebi mzigo. Plagi mpya. Balbu za zamani zimerudi, alikuwa amezitunza. Yeye alifunga waya kwa ukanda, vizuri sana, lazima niseme. Nikapima: 12.1.

Jirani akaja kuuliza. Baba mukubwa akamjibu: «Nimepata kosa yenyewe. Ilikuwa kwa plagi.»

Nimepata! Yeye! Nilikuwa na koleo mkononi. Ningemtupia. Baba alikuwepo, akaendelea kupakia magunia.

Jumamosi, 19 Julai

Wameondoka kabla ya kupambazuka. Mwanga mweupe ulifika mpaka ukuta wa mwisho wa barabara yetu.

Siku nzima hakuna simu. Najua mtandao ni mbaya huko. Najua pia mahesabu yangu ni sahihi. Haisaidii. Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Jumapili, 20 Julai

Mama amepiga simu baada ya misa. Wamefika Kilwa. Ziwa lina upepo, yeye anasikia baridi. Mataa hayakusumbua.

Mchana Baba mukubwa amekuja. Alikaa. Hakuzungumzia Ijumaa. Baadaye akatoa kipande cha karatasi na kalamu ya risasi, akavisukuma upande wangu wa meza.

«Ile relais. Miguu yake ine. Kila mumoja inaenda wapi?»

Nikachora miguu yote minne. Aliuliza mara mbili kuhusu ule unaoenda kwenye taa. Nikaeleza mara mbili. Niliandika kwa herufi kubwa, maana macho yake si mazuri. Hakuomba msamaha. Sijamsamehe.

Akakunja karatasi, akaiweka katikati ya kitabu chake cha nyimbo za misa, akaomba maji ya kunywa. Nikamletea.