Meza ya Jiko Nimeishusha

Kwako mama watoto wangu,

Mimi mzima, tena nimeshinda! Tangu miguu ikuache uliapa kubaki kwa binti yetu, eti hurudi kuwa mgeni jikoni kwako. Sasa sikia. Bajeti nimepanga mwenyewe: vigae vya maua nimefuta, kabati za juu nimefuta, pesa yote imekwenda kwenye mlango mpana wa kupitisha kiti chako cha magurudumu, na meza fupi. Fundi akacheka, "Mzee, unawapikia sungura?" Nikamwambia, "Kaa kitini ukate vitunguu." Akakata vitatu bila kuinuka, akarudi kwenye nyundo yake. Nilipima kwa shubiri zangu, si kwa futi yake! Nimejaribu kupika humo, nimeunguza. Njoo, mke wangu.

Ni mimi mumeo, kichwa kigumu.