Tata Mukubwa Mwisho wa Mnyororo

Jumatano, tarehe 7 Mei

Najaribu video, picha imeganda tena. Rezo, mtandao wa simu hapa kwetu Kapata, ni nyembamba, haiwezi kubeba simu zote za avenyu yetu. Ndiyo maana nimezifunga mnyororo: moja inavuta video kutoka Fungurume, inazigawia mbili za jirani, nazo zinagawia nyingine. Jumamosi dada yangu Odette anaolewa kule. Mama miguu imemkatalia, safari hawezi. Nimemwahidi ataona kwenye simu, pamoja na majirani wote. Sasa usingizi sina.

Alhamisi, tarehe 8

Kosa nimelijua. Ni heshima. Juu ya mnyororo niliweka simu ya tata mukubwa, kaka mkubwa wa baba. Nani atampa mzee mabaki ya watoto? Mama mwenyewe alisema, «Tata apate wa kwanza.» Lakini simu yake imechoka, inapokea polepole, inagawa polepole zaidi. Batri ikishuka kidogo, anaizima. Avenyu nzima giza! Nimemkasirikia. Nimejikasirikia pia.

Ijumaa, tarehe 9

Nimepanga kila simu ivute kwa jirani wawili, mmoja akizima mwingine aendelee. Bure. Vipande vyote bado vinaanzia kwake. Kumwambia ashuke nashindwa.

Jumamosi, tarehe 10

Odette akaingia kanisani, picha ikaganda kwenye shela. Mama akagusa kioo kwa kidole. Akagusa tena.

Basi! Nikamtoa tata mukubwa juu, nikamshusha mwisho kabisa, nikaweka simu yangu mahali pake. Bila kumuomba. Picha ikatembea. Pete ikaingia kidoleni, mama akalia, wanawake wa avenyu wakapiga vigelegele nyumba kwa nyumba. Nilifurahi kama mwendawazimu. Halafu nikakumbuka: kule mwisho picha inafika imechelewa. Vigelegele havipiti kwenye simu, vinamfikia kabla ya picha.

Jumapili, tarehe 11

Baada ya misa nimeenda kwake. Salamu aliitikia kwa shida.

«Nilisikia bamama banapiga bigelegele, na mi bado naona padri anahubiri.»

Nikapiga magoti. Akaniangalia, kisha akanisogezea kiti. Harusi yote nilikuwa nimeihifadhi. Nikamwekea simu yangu mkononi, tangu mwanzo. Nje kulikuwa kimya. Pete ilipoingia, hakuna aliyekuwa ameshangilia kabla yake. Akaweka simu magotini, akapiga makofi peke yake.