Vyumba Sita kwenye Uwanja wa Mzee Mhando

Jumapili, 6 Mei 1951

Nimezunguka vyumba, kama kila Jumapili. Vitano vina watu, kimoja nikikaa mimi mwenyewe, cha sita lipu inakauka. Mlango wa Bi Asha, mshonaji, unalia. Nimetia mafuta bawaba. Saidi, kuli wa stesheni, amefagia ua bila kuambiwa. Mpangaji wa namna hiyo hafukuzwi.

Ardhi bado ina maji. Nimepanda minazi sita nyuma ya nyumba, mmoja kwa kila chumba. Imekaa vizuri.

Wanyasa wenzangu pale kiwandani Ngombezi wanasema nina wazimu. Wao wanalala kambini, wanapeleka kila kitu nyumbani. Mimi ni fundi wa korona, ile mashine ya kusaga mkonge, na mashine hunifundisha kutazama. Nimetazama. Mtu akishaleta mke, kambi inamshinda. Anataka chumba Korogwe, chenye mlango wa kufunga. Ninacho. Kaka ameandika tena kutoka Nyasa: unawajengea watu nchi yao. Simjibu. Ana wivu tu.

Jumanne, 8 Mei

Saidi alisimama kwenye minazi muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa neno wanaloitana wanaume wa huku, "Mzee Mhando anajua, mgosi?"

Mzee Mhando ndiye mwenye uwanja. Mzigua, mtu wa maneno machache. Miaka mitatu iliyopita alinionyesha mipaka mbele ya mashahidi wawili, akasema nijenge, akahamia shambani kwake Kang'ata, upande wa Handeni. Nimejenga. Kila mwaka namshukuru kwa kanzu au shuka, naye hupokea. Aambiwe nini tena? Nimempendezeshea uwanja. Nilimcheka Saidi. Mtu wa kubeba mizigo huona mzigo kila mahali.

Jumamosi, 12 Mei

Amekuja Athumani, mpwa wa mzee. Nilimpa kiti, hakukaa. Nilimpa maji, akasema hana kiu, naye kanzu yake imelowa jasho mgongoni. Akazunguka nyuma ya nyumba, akashika mche mmoja mmoja. Akaondoka.

Sikupenda. Lakini chumba cha sita kimepata mtu wa kukiangalia, mwalimu. Ataleta jibu.

Jumatano, 16 Mei

Neno limefika, Athumani amelileta na mashahidi wale wale wawili. Nichukue mabati yangu, milango yangu na nguzo zangu. Kabla ya mfungo wa Ramadhani niwe nimetoka. Ardhi ibaki.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Saidi ndiye aliyenieleza, huku anatazama chini kana kwamba kosa ni lake. Huku mgeni hupewa mahali pa kujenga, na pa kulima mahindi pia. Mti wa kudumu hapandi mpaka aombe. Nyumba ya udongo huanguka, mahindi huvunwa yakaisha. Mnazi hubaki, na aliyeupanda anadai ardhi iliyo chini yake. Kila mtoto anajua. Ndiyo maana hakuna aliyeniambia: nani amwambie mtu mzima jambo la watoto?

Kwetu nyumba isiyo na mti ni kambi. Nilitaka isiwe kambi. Basi.

Alhamisi, 17 Mei

Asubuhi nilitaka kuing'oa yote. Saidi alinishika mkono. Aking'oa mwizi, alisema, amekiri.

Nikafikiri kwenda kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Nimpelekee nini? Sina karatasi. Nina mashahidi wawili, na hao ndio waliokuja kunifukuza.

Mwalimu hakurudi. Habari zimemfikia.

Naogopa. Naandika hivyo ili niache kujifanya. Mshahara wangu wa miaka tisa uko kwenye kuta hizi, na nikitoka hapa kaka atakuwa amesema kweli. Hilo linaniuma kuliko mabati.

Lakini sijashindwa bado. Mashine ikikwama hufungi mlango ukaenda kulala. Jumamosi nakwenda Kang'ata.

Jumapili, 20 Mei. Handeni, nangoja lori la kurudi.

Jana nilishuka hapa, nikatembea mpaka Kang'ata. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Nzuri sana. Mzee alikuwa anapalilia mihogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaendelea kupalilia.

Kulikuwa na jembe lingine. Nikalichukua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimelishika mwaka wa tisa, tena kwa kujichukulia. Tulilima mpaka jua likaanza kushuka. Mkono wa fundi si mkono wa mkulima, malengelenge ninayo hapa.

Ndipo akauliza, "Mnyasa, ukifa utazikwa wapi?"

Nikasema kwetu.

"Basi kapande huko."

Kwetu sijafika miaka tisa. Mama alizikwa mimi nipo Ngombezi, barua ilinikuta nimelala chini ya korona nafunga boliti. Nikarudi kulima. Mstari mzima. Nilipomaliza nikamwambia ukweli: mzee, sijui tena nitazikwa wapi. Lile la kwanza lilikuwa jibu la mazoea. Na minazi niliipanda bila kuomba kwa kuwa nilijiona mwenyeji.

Akasema sasa ndipo nimeomba, na kwamba atakuja mwenyewe kabla ya mfungo. Akaita ugali.

Jumamosi, 2 Juni

Mzee Mhando amefika, kabla ya mfungo kama alivyoahidi. Mbele ya mashahidi wapya, Saidi na Bi Asha, ameing'oa miche yote sita, kisha akairudisha kwenye mashimo yale yale kwa mkono wake. Mimi nilimwaga maji tu. Minazi ni yake. Nazi zitakazoanguka tule. Nyumba ni yangu, nikae.

Nimeona raha, siwezi kuficha. Mwalimu amehamia mchana, na kitabu changu cha hesabu ya vyumba hakina nafasi tupu. Nitamwandikia kaka. Sitamwambia kwamba nimewajengea watu nchi yao, wala kwamba sikuwajengea. Nitamsimulia tu.

Alasiri mzee alikwenda msikitini. Aliporudi mlango wangu ulikuwa wazi, lakini alisimama nje akapiga hodi. Kwenye ardhi yake.

Nikasema karibu, mzee, nikatoka kumtandikia mkeka.