Msiba Nilioujaza Kwenye Fomu

Jumanne. Mawingu mazito tangu alfajiri, ziwa limenyamaza.

Wewe uliyefungua daftari hili, nakusihi: usimsomee mtu, usimsimulie mtu, hata kwa utani. Mimi ni karani tu wa kiwanda kimoja hapa Nyakato, na nimemzika mtu aliye hai.

Tumeshuka melini leo asubuhi, mimi na mke wangu Rhoda, kutoka Uganda. Safari hii nilimwahidi tangu harusi yetu, miaka miwili sasa. Ng'ambo kule kuna mji wanafanya tamasha la mvinyo, na Rhoda alilisikia kwa shangazi yake, likawa wimbo nyumbani.

Sijawahi kumwona mke wangu vile. Ngoma upande huu, bendi upande ule, akina mama waliovaa gomesi, magauni yao marefu ya mabega yaliyochongoka, wakimimina mvinyo wa ndizi, wa nanasi, na mwekundu wa zabibu uliotoka mbali. Sisi divai tuliijua ya meza ya Bwana, tone moja. Kule watu wanaonja, wanasukutua, kisha wanatema ndooni!

"Elikana, ona dhambi hiyo!" Rhoda alicheka mpaka akashika mbavu. "Wangetema hivyo mbele ya baba, angewachapa na ndoo yenyewe."

Akamnunulia baba yake chupa ndogo ya mvinyo wa ndizi. Njia nzima aliipakata kama mtoto mchanga. Kila alipomtaja baba, niliangalia maji.

Ukweli ni huu. Kiwanda kinauzwa. Orodha ya watakaopunguzwa inaandaliwa, na likizo zote zimesimamishwa. Imebaki ruhusa ya msiba tu. Wazazi wangu nilishawazika, ofisi nzima ilikuja. Basi nikaandika kwamba baba mkwe amefariki.

Fomu iliuliza mahali pa msiba. Mimi siachi nafasi tupu kwenye fomu. Mkono umezoea hivyo. Nikajaza: Mkuyuni, nyumba ya tatu nyuma ya soko. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nilijua ofisi huenda msibani. Lakini nilidhani safari hii, kwa hofu ya orodha, hakuna atakayethubutu kuacha meza yake.

Walithubutu.

Mchana huu, Rhoda akiwa bombani, Sospeter wa stoo amekuja. Hakutaka kuketi.

"Bwana wee, tulikwenda. Gari zima. Akina mama walianza kulia tangu sokoni."

"Mkamkuta nani?"

"Mzee mwenyewe, anawakatia ng'ombe majani. Akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema, 'Karibuni ndani, wanangu. Marehemu ni mimi.'"

Aliwapa uji. Alipokea pole zao zote, hakumtukana mtu. Alipowasindikiza akawapa ujumbe: mkwe wangu akirudi, mwambieni namsubiri aje anizike.

Meneja hajaambiwa. Wenzangu wamekubaliana kunyamaza, na hilo linaniuma kuliko kama wangenishtaki. Watu wenye woga kama wangu wameubeba uongo wangu mgongoni.

Lakini kazi naweza kuikosa na nikaishi. Kwetu baba mkwe hata jina lake hulitaji ovyo, na mimi nimemtia kaburini kwa wino. Rhoda akilijua hili, sijui kama atabaki mke wangu. Amesema jioni twende wote kwa baba. Nimefungua kinywa mara tatu, mara tatu nimeomba chai.

Kwa hiyo sitalificha tena daftari. Naliacha wazi mezani, kwenye ukurasa huu.

Rhoda, ni wewe niliyekuwa nakusihi. Nimetangulia kwa baba. Utanikuta uani, sitaingia ndani mpaka anikaribishe. Ukinikuta nimepiga magoti usiniinue, mwachie yeye. Akiwa amenifukuza, niulizie nyumbani kwa Sospeter, kule mtaa wa Pasiansi. Usipotaka kuja leo, nitaelewa.

Ukija, pita njia ya juu, penye mawe. Usikatize sokoni: kule watakupa pole.