Rehabilitasiyo ya Desire, si ya nyumba

Baba Desire, mutoto wetu amepita mutihani wa uhakimu, wa kwanza mbele ya wote, halafu wamemukataa!

Ngoja nikusalimie kwanza. Salamu, mume wangu, huko uliko. Sisi huku Cibitoke tuko. Mafundi wenzako bado wanachomelea milango kandokando ya barabara, na kiti chako mi sijaruhusu mutu akikalie. Lakini kichwa kinanichemka, na ni we tu naweza kukuambia bila kujibiwa, "Mama Desire, punguza."

Ulituacha bado anasoma sheria. Amemaliza! Diplome nimeitundika sebuleni, juu ya picha yako. Unisamehe, lakini mugeni akiingia lazima aione. Kisha wakatangaza wanatafuta mahakimu. Watoto wa wakubwa walishuka kutoka Gihosha na magari, wetu akaenda kwa miguu, na akawaacha wote nyuma. Niliimba barabara nzima. Walionisema nina majivuno niliwajibu: zaeni na nyinyi.

Ndipo wakafungua dosiye, wakaona kazie, ile karatasi ya waliowahi kufungwa. Ile kesi ya duka la Mzee Salim. Wenzake walivunja mlango wakabeba simu, yeye alikuwa anawangoja na pikipiki. Wakakimbia wote, akashikwa yeye, kijana bado hajaota ndevu. Akafungwa, akamaliza, akatoka. Mi nilidhani kutoka ni kutoka. Kumbe apana. Bibi mumoja wa ofisi, na kucha zake nyekundu, akaniambia, "Mama, aliyehukumiwa hawezi kuhukumu." Nikamuuliza, sasa nani anaijua hukumu kuliko yeye? Akafunga dirisha.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasimama kwenye geti la gereza? Askari anaonja sombe yangu, mboga niliyomupikia mutoto, anaonja tena, we ukamwambia, "Mukubwa, kuonja si kula." Nilicheka karibu tufukuzwe. Na siku ile tulipokuta wafungwa wamemuzunguka Desire, anawaandikia barua za kuomba kesi zao zisikilizwe, wanamwita Metre, kama wanavyoitwa maavoka, mawakili wa kweli... Njiani tu ukasema, "Wamemwita Metre." Ukairudia mpaka nyumbani.

Leo jina hilo wanamutania nalo. Ndugu yako Kornel ndiye wa kwanza: "Metre wa gereza, umekula nini leo?" Mbele ya watu! Nilimwambia, shemeji, we umekaa nje ya gereza maisha yako yote, umesoma nini?

Sasa sheria iko na mulango mumoja umebaki, unaitwa rehabilitasiyo. Tribinali, mahakama yenyewe, ikikubali, mutu anasafishwa, anahesabika kama wengine. Inataka watu waseme mwenendo wake. Nikaenda kwa shefu wa kartiye, mukubwa wa mtaa wetu, nikamwambia tunahitaji rehabilitasiyo, atusaidie. Akasema sawa. Kesho yake kaja na metre ya kupimia, anazunguka nyumba, anagonga ukuta! Si unajua, kwenye redio rehabilitasiyo ni ya barabara na shule zilizobomoka. Akaniambia, "Mama, huu ufa ni mudogo, hawatakupa kitu." Nikapiga kelele: ni mutoto tunatengeneza, shefu, si ukuta! Alicheka, mi nikalia. Nimechoka, Baba Desire. Kila ofisi inakutuma kwa nyingine, na kila nyingine imeenda kula.

Na Desire mwenyewe amevunjika. Ameniambia, "Mama, tuache. Niende Uvira, ng'ambo ya mupaka, nikauze simu." Simu! Katika biashara zote za dunia!

Basi mi nikajivika uso wa chuma, nikaenda kwa Mzee Salim mwenyewe. Alikuwa dukani na tasbihi yake. Nikamweleza. Akaweka tasbihi mezani, akasema, "Nitakuja, inshallah. Lakini usiniombe niseme hakuwamo. Alikuwamo. Nitasema pia nani alinitengenezea mlango." Nikamuuliza nani. Akanishangaa.

Ni nyinyi. We na Desire, wiki ile ile alipotoka. Ulimupeleka na vyuma vyako, ukamusimamia akauchomelea upya mbele ya wapita njia wote, na ulipopewa chai ukakataa. Na mi hukuniambia! Mi ningeitangaza mpaka Gasenyi. Labda ndiyo sababu... Nimelia pale dukani kama mutoto, mume wangu. Mzee wa watu akaniletea maji.

Desire nilipomwambia kwamba Mzee anakuja, aliingia chumbani kwake. Lakini asubuhi nilimukuta anapiga pasi shati.

Lala salama, fundi wangu. Nakuahidi Uvira haendi, na wakikataa tena tutaomba tena, watanizoea. Kunyamaza ndani ya tribinali, hilo siwezi kukuahidi. Shefu anakuja, Mzee Salim anakuja, mafundi wenzako wanafunga kazi asubuhi hiyo ya kusikilizwa kesi yetu, hata Kornel nimemwambia aoge aje asimame nyuma. Ni Alhamisi, Baba Desire. Wote wanakuja Alhamisi.