Jumbe Asiye na Watu

Jumatatu, 4 Juni 1951

Baridi kali. Tarishi kapiga baragumu tena leo alfajiri kuwaita watu waje kutengeneza barabara. Barabarani tumekutana watatu: mimi, yeye na mbwa wake. Njia ya kwenda Lyamkena imeharibiwa na mvua, na Bwana Shauri, mkubwa wa serikali pale Boma, anakuja Ijumaa kutoka Njombe. Amesema gari lake lisipopita, nirudishe koti la jumbe. Watu wapo, nimewaona wakiota moto. Wananisalimu vizuri kabisa, kamwene, kamwene, kisha wanarudi motoni. Wananiudhi!

Jumanne, 5 Juni

Mke wangu anasema huku kwetu kazi ya wengi haiitwi kwa baragumu, inaitwa kwa ugimbi. Kweli, mtu akipika ugimbi, shamba zima linalimwa siku moja, tena kwa nyimbo. Lakini mimi ni Mlutheri, tena mzee wa kanisa. Nipike pombe? Nimeamuru chai. Madebe mawili, sukari ya dukani Makambako.

Jioni. Hawakuja. Tarishi kanywa mpaka nimeona aibu kumtazama.

Jumatano, 6 Juni

Baraza. Uvumilivu umeniisha. Nimesema wazi kwamba nimewekwa na Boma, na asiyekuja kesho atapelekwa Njombe. Halafu akasimama Bibi Semduma, mjane, jirani yangu wa bondeni.

"Koti umepewa na Boma, mwanangu. Mikono hii nimezaliwa nayo. Bwana Shauri alikuwepo siku hiyo?"

Wakacheka wote. Hakukaa. Akasema watu wa kwanza waliishi bila mkubwa. Ugomvi wa mipaka ulipowachosha, walimwomba mmoja wao awaamue, na wakamlimia ili apate nafasi ya kuwasikiliza. Mwanawe alirithi, akaanza kuwachapa. Wakafunga mizigo, wakavuka mto. Akabaki anatawala mianzi.

Nimejibu kwamba hizo ni hadithi za jikoni. Hakuna aliyecheka. Kinachonichoma ni kwamba Jumapili mimi mwenyewe huwafundisha kuwa kila mtu kaumbwa na Mungu. Sijawahi kusema kaumbwa na Boma.

Alhamisi, 7 Juni

Baragumu. Hakuna mtu. Hata mbwa hakuja.

Nilikuwa navaa viatu niende Njombe kuwashtaki. Mke wangu akauliza swali moja: tangu nivae koti, nimepeleka jembe langu shamba la nani? Hakuna hata moja. Nilidhani jumbe hulimiwa tu. Hapa asiyekwenda kwa wenzake haendewi, hata umpikie ugimbi wa mitungi kumi. Kumbe chai haikuwa na kosa lolote, maskini.

Nimekasirika sana. Nimevua koti, nimechukua jembe, nimeshuka bondeni kwa Semduma, kwenye vinyungu, bustani zake za kando ya mfereji. Hakunishukuru. Kanionyesha pembe yenye tope kuliko zote. Wengine walikuwepo wanalima, wakasogea kidogo kunipa nafasi. Mgongo unauma vibaya.

Ijumaa, 8 Juni

Gari limenasa kabla ya Lyamkena. Bwana Shauri kaja kwa miguu, suruali tope mpaka magotini. Kauliza kwa nini sikuwalazimisha. Nikamwambia niliweza kuwapeleka Boma, lakini sikuweza kuwapeleka barabarani. Hakupenda. Kaniambia nilete koti. Nimelikunja vizuri, nikampa. Atatafuta mwingine. Ana kazi, bwana yule.

Naona uchungu, nisijidanganye. Koti lilikuwa na joto.

Jumamosi, 9 Juni

Umande mweupe juu ya majani. Nilikuwa nakata kuni, Semduma akaingia uani na jirani yake wa ng'ambo ya mfereji. Wanagombania mpaka wa vinyungu. Wanataka niwaamue.

Nikawaambia mimi si jumbe tena.

"Tunajua," akasema Semduma, akavuta kigoda, akakaa.

Nimewasikiliza mpaka jua likapanda. Mke wangu ameleta chai. Imenywewa yote.