Sura ya Mwisho Simsomei

Jumatatu, 3 Machi
Nimekipata! Kwa muuza vitabu vya mitumba. Jalada limechanika lakini kurasa zote zipo. Ile riwaya yangu ya bi harusi na mama mkwe wake mkorofi, niliyoikariri shuleni. Nakala yangu ya kwanza mama mkwe wangu aliichana sura ya mwisho akawashia jiko. Ndoa ina miezi mitatu! "Hukuja hapa kusoma," akaniambia. Miaka ishirini na sita sijasahau. Sasa yuko kwangu, mtoto wa jicho macho yote mawili, anapasuliwa Ijumaa ya wiki ijayo. Amechoka kukaa bure, eti nimsomee chochote. Nitakusomea, mama. Mpaka sura ya mwisho — hapo nafunga kitabu. Naye aonje.

Jumatano, 5 Machi
Nimeacha sare tisa za shule kwenye cherehani, nikasoma sura nne. Matusi ya yule mama mkwe nayapazia sauti makusudi. Kikongwe wala hashtuki! Anacheka mpaka anakohoa. Eti mwanamke gani huyo, hana hata haya. Hajioni kabisa! Mke wa mwanangu naye kajisogeza mlangoni na bakuli la vitunguu, anasikiliza.

Jumamosi, 8 Machi
Kuna ukurasa sikumbuki kuusoma. Mama mkwe yuko jikoni peke yake. Anampakulia mwanawe, anangoja, kisha anarudisha chakula sufuriani. Mwana kala kwa mkewe. Zamani niliuruka? Leo nimeusoma mara mbili. Mwanangu siku hizi anakula chumbani kwao. Nimekasirika — sikununua kitabu ili nimhurumie mtu!

Jumanne, 11 Machi
Nimemfuma mke wa mwanangu na kitabu changu, anasoma mbele kwa siri. Nikamnyang'anya. "Hukuja hapa kusoma!" Limenitoka lenyewe. Kikongwe kasikia kutoka chumbani. Akaguna. Aibu gani hii!

Alhamisi, 13 Machi
Imebaki sura moja. Nimefunga kitabu. Nikamwambia mwisho haupo, mama, uliuwashia jiko.

Nilitaka alie. Amepapasa shuka tu. "Nakumbuka. Ulilia nyuma ya mlango, nikakusikia. Nikajifanya nasugua sufuria." Akaongeza: "Kesho napasuliwa, mwanangu. Nisomee."

Nimetoka na kitabu changu. Niko kwenye cherehani, naandika katika daftari la vipimo, kitabu nimekikalia. Raha niliyoingoja miaka yote siioni! Mke wa mwanangu huyu hapa, kasimama mbele yangu. Eti kama nimechoka, atamsomea yeye. Nimemwambia kimepotea. Anatazama kiti. Kikongwe kasikia, anapiga kelele kutoka ndani: mpe mwenzio, usifanye kama mimi!

Mtoto wa watu kanyoosha mkono. Haurudishi. Na mimi siinuki —